Chupa Zikifunikwa: Mvinyo wa Bei Nafuu na wa Bei Ghali Mezani Petu

Bei ya mvinyo humfikia mnywaji kabla mvinyo wenyewe haujafika mdomoni. Mtu akisimama mbele ya rafu za duka kubwa jijini Dar es Salaam, kitu cha kwanza anachokiona ni tarakimu: chini kuna mvinyo wa boksi na chupa za Dodoma, katikati zimejaa chupa za Afrika Kusini, ambazo ndizo zilizoenea zaidi madukani kwetu, na juu, mara nyingine nyuma ya kioo kilichofungwa kwa ufunguo, zimewekwa chupa za Ufaransa na Italia ambazo moja tu huweza kugharimu fedha za chakula cha familia kwa wiki nzima. Mnunuzi hufika nyumbani akiwa ameshaamua ipi itakuwa nzuri. Mimi na marafiki zangu tuliamua kuiondoa habari hiyo ya bei mezani, tuonje chupa zikiwa zimefunikwa, kisha tuone ni kitu gani kinachobaki. Hapa ninaeleza tulivyofanya, tuliyoyaona, na hoja niliyoifikia na ninayoiamini: kwamba fedha hununua ubora unaoonjeka katika hatua za mwanzo za kupanda bei, lakini kadiri mtu anavyozidi kupanda, ndivyo fedha hizo zinavyonunua mambo mengine ambayo ulimi hauyatambui.

Jambo hili linanigusa kwa sababu nimekulia Dodoma, katika ukoo uliolima zabibu kwa muda mrefu, na tangu utotoni nimesikia mvinyo wa kwetu ukielezwa kwa namna moja, kwamba ni wa bei rahisi. Maneno hayo hutamkwa kana kwamba ni hukumu ya ladha. Katika harusi na sherehe za ubatizo nimeona chupa ya Dodoma ikipelekwa meza za nyuma, na ile yenye maandishi ya Kifaransa ikiwekwa mbele ya wakubwa, ilhali katika meza zote mbili pengine hakuna hata mmoja aliyewahi kuzionja mbili hizo kwa pamoja. Nilitaka kuzionja kwa pamoja, tena kwa utaratibu ambao hata mtu asiyekubaliana nami angeuheshimu.

Utaratibu huo una historia ndefu, na tukio lake mashuhuri lilifanyika Paris tarehe 24 Mei 1976. Steven Spurrier, Mwingereza aliyekuwa na duka la mvinyo katika jiji hilo, aliwaalika waonjaji 9 wa Kifaransa wenye heshima kubwa katika taaluma hiyo, akawamiminia mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonesha chupa. Upande wa mvinyo mweupe, nafasi ya kwanza ilichukuliwa na Chateau Montelena wa mwaka 1973. Upande wa mwekundu ilichukuliwa na Stag's Leap Wine Cellars, nao wa mwaka 1973. Yote miwili ilitoka Napa, bonde la California, na iliyapita majina ya Burgundy na Bordeaux, maeneo ya mvinyo ya Ufaransa ambayo kwa vizazi yalihesabiwa kuwa hayana mshindani. Kinachonivutia zaidi katika kisa hicho ni kwamba majaji hao, wakiwa katikati ya kuonja, walikuwa wakitaja kwa uhakika mvinyo upi ni wa kwao na upi ni wa Marekani, na wakakosea. Mmoja alionja mvinyo mweupe wa Napa akafurahi kwamba sasa wamerudi Ufaransa. Baadaye wakosoaji walidai kuwa mvinyo wa California hupendeza ukiwa mchanga tu, na kwamba hauwezi kustahimili miaka. Uonjaji ulirudiwa mwaka 2006, miaka 30 kamili tangu ule wa kwanza, na mvinyo mwekundu uliochukua nafasi ya kwanza ukawa Ridge Monte Bello wa mwaka 1971, ambao pia ni wa California.

Wale walikuwa mabingwa. Kwa watu wa kawaida kama sisi, matokeo yaliyochapishwa yanashangaza zaidi. Mwaka 2008 ilitolewa tathmini ya uonjaji zaidi ya 6,000 uliofanywa Marekani na watu wasiojua bei, kwa mvinyo ulioanzia chini ya dola 2 hadi dola 150 kwa chupa, na ikaonekana kwamba watu wasio na mafunzo waliupenda mvinyo wa nafuu zaidi kidogo kuliko ule wa ghali. Waliokuwa na mafunzo walielekea upande wa pili, ingawa si kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2011 huko Edinburgh, mwanasaikolojia Richard Wiseman aliwaonjesha watu 578 akiwataka waseme mvinyo upi ni wa ghali na upi ni wa nafuu. Kwa mweupe walipatia asilimia 53, na kwa mwekundu asilimia 47, yaani sawa na kurusha sarafu.

Utafiti ulionishughulisha kuliko yote ni ule wa Hilke Plassmann na wenzake, nao ulichapishwa mwaka 2008. Waliwaonjesha watu 20 mvinyo aina ya Cabernet Sauvignon wakiwa ndani ya mashine inayopima shughuli za ubongo, na mvinyo uleule wakaupa bei mbili tofauti, mara dola 10 na mara dola 90. Watu walisema wameupenda zaidi ulipotajwa kwa dola 90. Si maneno yao tu yaliyobadilika, kwani hata sehemu ya ubongo inayohusika na kufurahia ladha ilifanya kazi zaidi. Maana yake ni kwamba mtu anayesifu chupa ya bei kubwa hajifanyi. Anaonja kweli kile anachokisema, kwa sababu bei imeshaingia ndani ya ladha. Ndiyo maana ninaona si haki kumcheka mtu kama huyo, na ndiyo maana njia pekee ya kujua ni kufunika chupa.

Kufunika chupa kwa haki kuna masharti mengi kuliko nilivyotarajia, na ningependa kuyaeleza kwa kirefu, kwa kuwa uonjaji mwingi wa nyumbani huharibikia hapa. Kuivika chupa mfuko wa karatasi hakutoshi. Shingo ya chupa huonekana, uzito wake husikika mkononi mwa anayemimina, na kizibo cha gome huacha mlio ambao kifuniko cha kuzungusha hakina. Chupa nzito yenye kitako kilichodidimia huwafanya watu waanze kuheshimu kilichomo kabla hakijamiminwa. Sisi tulihamishia kila mvinyo katika jagi la kioo lisilo na alama, majagi yote yakiwa ya aina moja, na kazi hiyo ilifanyiwa jikoni na rafiki yetu ambaye hanywi kileo kabisa. Yeye ndiye aliyepanga herufi na kuzihifadhi katika bahasha. Majagi yaliletwa sebuleni na mtu mwingine ambaye naye hakujua kilichomo, kwa maana anayejua siri huitoa kwa macho hata akinyamaza.

Halijoto ilitupa taabu zaidi. Vitabu husema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumbani, na chumba kinachokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Januari hupita nyuzi 30, na katika joto hilo harufu ya kileo hupanda puani na kuziba nyingine zote, kiasi kwamba mvinyo wowote, wa bei yoyote, hunuka spiriti. Tuliweka mvinyo mwekundu kwenye friji kwa muda wa nusu saa kabla ya kuonja, na mweupe kwa saa kadhaa, kisha tukapima kwa kipimajoto cha jikoni ili yote ya rangi moja ifike mezani ikiwa na halijoto moja. Ninaamini kwamba wengi wanaosema hawapendi mvinyo mwekundu hawajawahi kuunywa ukiwa na ubaridi unaostahili.

Harufu za nyumbani nazo zilihitaji nidhamu. Niliwaomba wageni wasijipulizie manukato siku hiyo, na nyumba haikufukizwa udi tangu asubuhi, jambo ambalo kwa nyumba yetu si dogo. Mezani kulikuwa na maji, mkate mkavu na chombo cha kutemea. Kila mmoja alimiminiwa mililita 50 za kila mvinyo, kwa hiyo chupa moja ya mililita 750 iliwatosha watu wanane na ikabaki nyingine ya kurudia. Usafiri wa kurudi nyumbani ulipangwa mapema, na hakuna aliyeshika usukani.

Sharti lililokuwa na uzito kuliko yote lilihusu mdomo, kwa maana ya kusema. Kwetu mkubwa akishatamka, mdogo huona haya kumpinga, na katika jaribio letu la awali shemeji yangu, ambaye ni mtu mzima na mwenye sauti ya mamlaka, alipokohoa kidogo na kusema kwamba glasi ya tatu ina kitu, glasi ya tatu ikapata alama nyingi kwa kila mtu. Tangu hapo tukakubaliana kwamba hakuna atakayesema neno hadi kila mmoja awe ameandika alama zake kati ya 1 na 20 na kukunja karatasi. Ukimya huo wa dakika chache ulibadilisha matokeo kuliko kitu kingine chochote tulichokifanya.

Jioni ya mvinyo mwekundu tuliweka mezani aina tano: wa boksi wenye sukari, mkavu wa Dodoma uliotengenezwa kwa zabibu ya Makutupora, miwili ya Afrika Kusini ya bei ya kati, na wa Bordeaux ambao peke yake uligharimu zaidi ya mingine minne kwa pamoja. Ule wa boksi ulipendwa katika duru ya kwanza. Sukari humpendeza mtu upesi, na mvinyo mkavu ukifuata baada ya mtamu huonekana mchachu hata kama haukosi chochote. Hivyo duru ya pili tuliupeleka mwishoni na kubadilisha mpangilio wa mingine, na hapo ukashuka hadi mkiani, kwa kuwa baada ya funda mbili watu waliona hauna kingine cha kusema zaidi ya utamu. Huu ndio ushahidi wangu wa kwanza kwamba hatua ya kutoka chini kabisa kwenda juu kidogo ina maana. Tofauti ya boksi na chupa ya kawaida iliyotengenezwa kwa uangalifu ilitambuliwa na karibu kila mtu, bila msaada wa lebo.

Juu ya hapo mambo yalichanganyika. Mmoja wa Afrika Kusini ulishika nafasi ya kwanza, wa Dodoma ukaufuata kwa tofauti ndogo, na wa Bordeaux ukawa wa nne. Watu waliuandikia maneno kama “mkali”, “unakausha” na “bado”. Hilo la mwisho liliandikwa na rafiki ambaye hajawahi kusoma chochote kuhusu mvinyo, na lilikuwa sahihi kabisa. Mvinyo mwekundu wa daraja hilo hutengenezwa ukiwa na tanini nyingi, ambazo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na kwenye mbao za pipa, na tanini hushikamana na protini za mate hadi ulimi ukahisi ukakasi kama wa ndizi mbichi. Miaka ikipita tanini hizo huungana na ukakasi hupungua. Chupa yetu ilikuwa changa, na uonjaji wa kufunika chupa, pamoja na haki yake yote, humwadhibu mvinyo ambao wakati wake haujafika.

Kisha nyama ya ng'ombe ikatoka jikoni, imechomwa na chumvi tu, na tukaendelea kuonja bila kufungua bahasha. Mpangilio wa alama uligeuka. Protini na mafuta ya nyama vilizichukua tanini ambazo awali zilikuwa zikishambulia mate, na ule wa Bordeaux ukatulia, ukaanza kuonesha harufu ambazo hazikusikika mwanzoni. Ukapanda hadi nafasi ya pili. Wa kwanza wa awali, ambao ulikuwa laini na wenye harufu ya matunda mengi, ukaonekana mwepesi. Tangu jioni hiyo ninasisitiza kwamba kuonja mvinyo bila chakula ni kuuliza nusu ya swali, kwa sababu karibu hakuna mtu anayeunywa katika funda ndogo za mililita 50 akiwa na kalamu mkononi.

Tulikuwa pia tumeficha jambo moja ambalo ni mimi na mmiminaji tu tuliolijua, na kwa sababu hiyo mimi sikutoa alama jioni hiyo: herufi mbili kati ya sita zilikuwa mvinyo mmoja. Ni wawili tu waliozipa alama zinazokaribiana. Mmoja alizipa alama 9 na 15, akieleza kwa maneno mazuri na ya dhati kwa nini ya pili ni bora. Nilipowaeleza, nyuso zilisinyaa, kwa hiyo nikawasimulia habari za Robert Hodgson, mwenye shamba la mizabibu California na mjuzi wa takwimu, ambaye aliwachunguza majaji wa mashindano ya mvinyo ya California State Fair kwa kuwapa mara tatu mvinyo uliotoka chupa moja. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2008, ni takribani jaji mmoja kati ya kumi aliyekuwa na msimamo thabiti. Kama majaji wa kazi hiyo hutofautiana na nafsi zao, marafiki zangu hawakuwa na sababu ya kuona haya, na medali ya dhahabu iliyobandikwa kwenye chupa inapaswa kusomwa kwa tahadhari.

Ili kujua kama kweli tunaweza kutofautisha, tulitumia pia jaribio la pembetatu: kila mtu hupewa glasi tatu, mbili zina mvinyo mmoja na ya tatu ina mwingine, na anatakiwa kuitaja ile iliyo peke yake. Uzuri wa jaribio hili ni kwamba halimwulizi mtu anapenda nini, na bahati yake inahesabika. Anayebahatisha hupatia mara moja katika tatu. Wakiwa sita na wote wanabahatisha, wanne au zaidi watapatia karibu mara moja katika kumi, kwa hiyo wanne kati ya sita si ushahidi wa kutosha, ila watano kati ya sita hutokea kwa bahati chini ya mara mbili katika mia. Tulipoweka mvinyo wa boksi dhidi ya wa Dodoma, wote sita waliokuwepo walipatia. Tulipoweka wa Afrika Kusini wa bei ya kati dhidi ya mwingine wa nchi hiyohiyo uliokuwa ghali mara tatu, wawili ndio waliopatia, yaani idadi ileile ambayo bahati peke yake ingeitoa. Sijui njia nyingine ya kuionesha hoja yangu kwa uwazi kuliko namba hizo mbili.

Jioni niliyoipenda zaidi ilikuwa ya mvinyo mweupe. Zabibu ya Chenin Blanc ina makao yake ya asili katika bonde la mto Loire nchini Ufaransa, imepandwa kwa wingi sana Afrika Kusini, na hulimwa pia Dodoma. Hivyo tuliweza kuonja zabibu moja kutoka nchi tatu na madaraja matatu ya bei, na tofauti zilizobaki zikawa za udongo, hali ya hewa na mkono wa mtengenezaji. Wa Loire, ambao rafiki alitubebea kutoka safarini, ulishinda bila ubishi. Ulikuwa na uchachu uliosimama wima, harufu ya pea na asali, na ladha iliyobaki mdomoni muda mrefu baada ya kumezwa. Waonjaji wote isipokuwa mmoja waliuweka wa kwanza. Ninalisema hili kwa furaha, ingawa linaipa nguvu bei. Wapo wanaochukua tafiti nilizozitaja na kuhitimisha kwamba mvinyo wote ni mmoja na kwamba wenye kuusifu ni waongo, na hitimisho hilo si la kweli. Ubora upo, unaonjeka, na watu wasio na mafunzo wanautambua mbele yao.

Rafiki huyo alipotaja bei aliyolipa kule alikoinunua, ilikuwa karibu sawa na ya chupa ya Afrika Kusini katika duka la mtaani kwetu. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo wanywaji wa Afrika Mashariki tunapaswa kulifikiria kwa namna yetu, kwa sababu maandiko ya Ulaya na Marekani hayaligusi. Bei ya chupa ya kigeni katika rafu zetu imebeba meli, bima, ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na faida ya mwagizaji na ya muuzaji. Mvinyo uliotengenezwa Tanzania kwa zabibu za ndani zinazozidi asilimia 75 hutozwa ushuru wa bidhaa ulio mdogo kuliko mwingine. Kwa hiyo ngazi ya bei tunayoiona dukani Dar es Salaam haipimi ubora wa zabibu; kwa sehemu kubwa inapima umbali na kodi. Mvinyo wa kawaida kabisa wa mezani nchini Italia hupanda hadhi kwa kuvuka bahari tu, na mvinyo mzuri wa Dodoma hushushwa hadhi kwa kuwa haukusafiri.

Yapo mambo ya kweli ambayo fedha hununua shambani na kiwandani, na sitaki kuyapuuza. Mtengenezaji anayepunguza vichala ili vilivyobaki vikolee hupoteza wingi. Anayechuma kwa mkono na kutupa zabibu mbovu hulipa vibarua. Pipa jipya la mwaloni la lita 225 hujaza chupa 300 tu na gharama yake hugawanywa kwa chupa hizo. Na mvinyo unaolazwa miaka miwili ghalani ni mtaji uliolala. Haya yote hubadilisha ladha. Baada ya kufikia kiwango fulani, gharama hizo huwa zimeshalipwa zote, na kinachoongezeka ni uhaba, jina, na madaraja ya kihistoria kama yale yaliyopangwa Bordeaux mwaka 1855, ambayo hadi leo yamebadilika kwa nadra sana. Mtu anayenunua hayo anajua anachokinunua, na ni haki yake. Wengi wetu hatunywi kwa sababu hiyo, na tukielekezwa kwenye rafu ya juu kwa kuambiwa kwamba ladha iko huko, tunaelekezwa vibaya.

Ninarudi Dodoma, kwa sababu ndiko hesabu hii inakouma. Mkulima mdogo wa zabibu huuza kwa kilo, na zabibu zikishaiva hazingoji soko. Akikosa mnunuzi kwa siku chache huzitazama zikioza, au hulazimika kuzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa bei anayopangiwa. Bei hiyo hufuata bei ya chupa, na bei ya chupa hufuata imani ya mnywaji kwamba mvinyo wa kwetu ni wa meza za nyuma. Katika jioni zetu zote mvinyo mkavu wa Dodoma, ukiwa na halijoto stahiki na bila lebo, ulikaa katikati au juu ya katikati, na mara kadhaa uliwashinda washindani waliouzwa kwa bei maradufu. Haukuwa hivyo kila chupa. Moja ilifika ikiwa na harufu ya siki, na nyingine ilikuwa imepauka ladha kwa namna inayoonesha kwamba imekaa kwenye joto, na ninashuku duka kuliko kiwanda, kwa kuwa chupa hizo niliziona zimesimamishwa dirishani mahali ambapo jua la mchana hupiga. Mvinyo wa nafuu hauna uvumilivu wa kutunzwa hivyo, na ule wa ghali nao hauna, ila ule wa ghali hakuna anayeuweka dirishani.

Tofauti kati ya chupa na chupa inaweza kuwa na sababu nyingine pia. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, takribani mwezi wa Machi na tena karibu na Agosti na Septemba. Mavuno ya kwanza huangukia msimu wa mvua, ambapo zabibu hunywa maji mengi na ukungu husumbua. Ya pili huiva wakati wa kiangazi, jua likiwa kali na usiku ukiwa na ubaridi, na kwa maoni yangu, pamoja na ya wazee walionifundisha kupogoa, ndiyo yenye zabibu zilizokolea zaidi. Chupa nyingi za Dodoma nilizozinunua husema mwaka, au hazisemi chochote, na sijapata iliyonieleza ni mavuno yapi. Uonjaji wetu ujao utaweka mezani mvinyo wa mavuno yote mawili kutoka kwa mtengenezaji mmoja, chupa zikiwa zimefunikwa kama kawaida, na nimeshaanza kuwauliza watengenezaji ni chupa zipi za mavuno ya kwanza na zipi za mavuno ya pili. Wakianza kuandika msimu kwenye lebo, mnunuzi atakuwa na habari moja inayohusu zabibu kabla ya kuifikia ile ya bei.